Mashine ya gololi: shajara ya karakana

7 Januari

Nyuma ya karakana yetu hapa Gerezani, Dar es Salaam, kuna lundo la chupa za pombe kali, zile ambazo hakuna anayezirudisha dukani. Kila nikienda kumwaga machicha ya chuma nazikanyaga. Leo nimeamua: zitakuwa gololi.

Mzee wa kalibu, jirani yangu anayesubu sufuria za alumini, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kioo si alumini. Alumini ukiimwaga inakwenda. Kioo kinakutazama kwanza." Nikamwamkia upya, shikamoo mzee, kisha nikamwomba aniazime bana yake, kichomeo cha oili chafu. Akanipa.

Hesabu za kwanza nimezifanya nyuma ya risiti. Gololi ya dukani nimeipima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili: milimita 16. Sentimita moja ya ujazo ya kioo cha chupa ina gramu 2.5, kwa hiyo gololi moja ni gramu 5.4 hivi. Kilo moja ya vigae vya chupa itatoa kama 185.

Wazo lenyewe si langu. Zamani Wajerumani wa Lauscha walikata gololi kwa mkono, wakitumia mkasi maalumu wenye kikombe, katikati ya karne ya 19. Aliyeleta mashine ni Martin Christensen wa Akron, Ohio: alipata hataza, haki ya mvumbuzi, mwaka 1905. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa gololi za chuma, za beringi. Hapo ndipo aliponishika. Sisi utotoni tulichezea za beringi tulizookota gereji, na mwenye ya kioo tulimpisha achague mahali pa kusimama.

Muundo ninaoujenga ni wa waliomfuata: rola mbili zimelala sambamba, kila moja imechongwa mfereji unaojizungusha kama uzi wa skrubu. Rola zote mbili zinageuka upande mmoja. Hili wengi hulikosea wanapochora. Zikigeuka kinyume, tone la kioo ama linavutwa chini katikati ama linarushwa juu. Zikigeuka upande mmoja, rola moja inalishusha na ya pili inalipandisha, basi linabaki pale pale likizunguka, huku mfereji ukilisukuma mbele taratibu. Kila mzunguko, hatua moja ya mfereji, yaani umbali wa mkunjo mmoja hadi unaofuata.

15 Januari

Chuma nimepata: ekseli mbili kuukuu za lori, nikazikereza hadi kipenyo cha milimita 50, urefu 600. Mfereji una hatua ya milimita 20, kwa hiyo kila rola ina vituo 30 vya kukalia gololi.

Kazi ilikuwa hatua hiyo ya 20. Mashine yangu ya kukereza ina gia za kukata nyuzi za kawaida, za nati na bolti. Hatua ndefu namna hii inataka skrubu ndefu ya mashine izunguke mara tatu na zaidi kila kipande kikizunguka mara moja. Nilipojaribu kuiendesha na mota, gia zililia kama mbuzi. Nikazima. Nikafunga mkono wa kuzungusha kwenye ile skrubu ndefu yenyewe, nikaacha yenyewe ndiyo iburute kipande, badala ya kipande kuiburuta yenyewe. Ikatii. Ila ni kazi ya mkono tupu: kijana wangu anazungusha, mimi nasogeza kisu, milimita 0.2 kila mkato, mpaka kina cha milimita 6. Siku nne kwa rola moja.

22 Januari

Rola ya kwanza imeharibika, na kosa ni langu. Kisu nilikinoa kwa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 8.3 kama nilivyochora, lakini nilikifunga wima. Mfereji unaopanda hatua 20 juu ya rola ya 50 unalala kama digrii 7, na kisu kilichosimama wima kinasugua ubavu mmoja kwa kisogo chake. Ubavu ule umetoka na mikwaruzo ambayo kioo cha moto kingeing'ang'ania. Nimeitupa kando, nitaifanya nyundo.

Ya pili na ya tatu nimezikata kisu kikiwa kimeinama digrii 7. Zimetoka laini, nikazimalizia kwa msasa uliozungushiwa kwenye kamba.

29 Januari

Jaribio la baridi, bila moto. Nimefunga rola zote mbili kwenye fremu, nikaweka gololi ya dukani juu yake. Ikatumbukia katikati, ikagonga sakafu, ikaenda kujificha chini ya kabati. Kijana hakusema kitu, alipiga magoti tu kuitafuta.

Kutoka katikati ya rola moja hadi katikati ya nyingine niliacha milimita 55. Rola zenyewe zinaachana milimita 5, sawa, lakini mifereji ikikutana uso kwa uso inaongeza 6 na 6. Jumla 17. Gololi ni 16. Hesabu ya darasa la nne! Nimezisogeza hadi 51, nafasi imekuwa 13, na gololi sasa inakaa juu kama yai kwenye kata.

Mwendo unatoka kwenye mota ya waipa ya gari, volti 12, kwa sababu ina nguvu ikienda polepole na kwa sababu umeme ukikatika nitaiendesha kwa betri. Mota inazungusha mhimili mmoja chini, na mhimili huo unavuta rola mbili kwa minyororo miwili ya bodaboda. Sproketi zina meno 14 kila moja. Ilibidi niziweke ncha tofauti, ya rola hii huku na ya rola ile kule, kwa kuwa zikikaa upande mmoja zinagongana.

11 Februari

Tanuru. Nimelijenga kwa pipa, ndani matofali ya tanuru, na mianya nimeiziba kwa ule udongo mweupe wa Pugu niliochanganya na unga wa matofali. Bana ya mzee inakula oili chafu na bloa inapuliza. Chungu ni cha grafaiti na udongo, kinabeba kilo 8 za kioo kilichoyeyuka.

Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Kioo cha chupa hakina siku ya kuyeyuka: kwenye 730 hivi kinaanza kulegea, kwenye 1,000 ni kama lami, kwenye 1,200 ni asali. Mzee alisimama pembeni saa nzima akitazama vigae vikikaa tu, vimeinama mabega, havimwagiki. "Nilikwambia kinakutazama."

Jioni nilichovya fimbo ya chuma, nikazungusha, nikainua tone na kulidondosha kwenye rola kwa kulikata na koleo. Lilikuwa kubwa mno, likajaa vituo viwili. La pili lilipoa njiani. La tatu lilizunguka kweli! Tulisimama wote watatu tukilitazama likitembea kutoka rangi ya chungwa hadi damu ya mzee hadi likawa na rangi yake. Mzee alisubiri lipoe, akaliviringisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha alichokiweka mezani. Likaenda, likayumba, likalala ubavu.

"Hili ni embe," akasema.

Bado nililiweka mfukoni.

20 Februari

Kuchovya kwa fimbo hakufai. Christensen mwenyewe alikuwa na mafundi wa kuchovya na kukata kwa mkono, na gololi zake za zamani hutambulika kwa mzunguko unaofanana na tarakimu 9 ulioachwa na mkono uliokuwa ukizungusha fimbo. Mimi nina watu wawili na mmoja ana mtihani Machi. Nataka kioo kitoke chenyewe chini ya chungu.

Nimetoboa tundu la milimita 8. Kikatoka kiuzi chembamba, kikajikunja juu ya rola kama tambi. Nikapanua hadi 13. Kichwani nilitegemea uji uongezeke maradufu, labda na nusu yake. Uliporomoka. Sukari guru ikimwagika kwenye sinia ndivyo inavyokwenda. Nilikuwa nimesahau kwamba kitu kizito kinachopita kwenye tundu hakifuati upana wa tundu, kinafuata upana huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Kutoka 8 hadi 13 ni karibu mara saba. Rola ya kushoto ilivaa soksi ya kioo, na kuivua kulituchukua siku mbili za patasi.

Hata hivyo 13 ndiyo sahihi, mradi joto likae karibu na 1,200. Nimeongeza kizibo: fimbo ya udongo ulioungua inayoshuka kutoka juu na kuziba tundu.

2 Machi

Mkasi. Mwanzoni niliuendesha kwa mkono, tone kila sekunde mbili, na baada ya dakika tano mkono unaanza kuwa na mawazo yake. Sasa mkasi unaendeshwa na kemu, gurudumu lenye nundu, iliyofungwa kwenye mhimili ule ule wa chini. Rola zikizunguka mara moja, mkasi unakata mara moja, tone moja linaangukia kituo kimoja. Nikienda mizunguko 30 kwa dakika, ni matone 30, kila moja linakaa juu ya rola dakika nzima na linazunguka zaidi ya mara 70.

Faida nyingine niliigundua bila kuitafuta. Kioo kikipungua chunguni, kinachotoka kinapungua pia, kwa kuwa uzito wa juu unaosukuma umeshuka. Gololi za mwanzo zilitoka 17, za mwisho 12, kama familia iliyopangwa kupigwa picha. Nilikuwa nawaza kuinua kizibo kidogo kidogo. Lakini vitu vyote vinakula mhimili mmoja: nikipunguza mwendo wa mota, mkasi unachelewa, tone linajaa, na rola zinasubiri pamoja nao. Kitufe kimoja. Nakigeuza taratibu kadiri chungu kinavyokauka.

Mkasi unapakwa mafuta ya kula kwa brashi, la sivyo unabeba tone. Rola tunazipaka unga wa vijiti vyeusi vya betri kuukuu za tochi. Unga huo unanifanya nirudi nyumbani kama mchoma mkaa, lakini kioo hakigandi tena kwenye chuma.

9 Machi

Usiku wa jana nimelala karakana. Tulikuwa tumetoa gololi 200 na zaidi, tukaziacha kwenye ndoo ya chuma zipoe zenyewe. Saa nne hivi nikasikia: ti. Kimya. Ti. Ti-ti. Nikadhani panya yuko kwenye mabati. Asubuhi ndoo ilikuwa na miezi nusu. Zimepasuka katikati, nyingine zimebaki nzima hadi ukizishika, ndipo zinaachana kiganjani.

Ngozi ya gololi inapoa na kuganda kabla ya tumbo lake. Tumbo likija kupoa linataka kusinyaa, ngozi imeshafunga mlango. Mvutano huo unabaki humo ukisubiri sababu. Dawa ni kuzipumzisha: zikitoka kwenye rola ziingie kwenye sanduku la matofali lenye joto la 540, zikae humo saa moja, kisha joto lishuke usiku kucha. Sanduku nimelifunga waya wa jiko la umeme na kidhibiti chenye themokapo, waya wa kupima joto. Ndilo lililokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu, na halisogei wala halitoi mlio, kwa hiyo wageni wakija hakuna anayelitazama.

23 Machi

Masika yameanza. Bati lina tundu juu kabisa ya rola, tundu ambalo nimelijua tangu mwaka juzi. Matone ya mvua yalikutana na matone ya kioo. Hakuna aliyeumia, tulikuwa na miwani na ngozi za kuchomelea, ila kuanzia leo hakuna anayesogea mezani bila miwani hata kama tanuru limezimwa. Bati limezibwa.

6 Aprili

Leo nataka kuandika kwa urefu.

Tatizo la embe lilikuwa bado. Sio embe tena, ni limau dogo: venia inasema 16.0 upande huu na 15.3 upande ule. Nilijaribu kila kitu. Joto zaidi, zikabaki na mkanda katikati. Joto kidogo, zikatoka na makunyanzi. Niling'arisha mifereji upya. Kila mara limau lile lile, limelala kwa kufuata urefu wa rola.

Saa tisa mnyororo wa rola ya kulia ulilegea, ukaruka jino. Nilisikia ule mlio wa tak. Nilitaka kusimamisha, lakini kioo kilikuwa kinatoka na chungu kilikuwa nusu, nikasema tumalize, zikiharibika zitarudi chunguni. Zilipofika mwisho wa rola, kijana aliinua moja kwa kijiko, akaitazama, akaniita kwa mkono bila kuongea, maana bloa ilikuwa inanguruma.

16.0. Niliigeuza. 15.9. Niliigeuza tena. 16.0.

Tulikaa na kalamu. Meno 14, hatua ya milimita 20: jino moja ni milimita 1.4. Mifereji miwili haikuwa tena uso kwa uso, mmoja ulikuwa umetangulia kidogo. Ilipokuwa imelingana kabisa, tone lilizunguka kwa mhimili mmoja tu, kama pipa linaloviringishwa, na kila kiungo cha tone kilirudi kugusa pale pale. Sasa rola ya kushoto inaligusa shavu moja na ya kulia shavu la pili, basi huku likiviringika linajipindua pia. Hakuna upande unaobaki upande.

Kumbe hilo ndilo John Early alilolifanya katika kiwanda cha Akro Agate kule Clarksburg, West Virginia, miaka ya 1920: alizipishanisha rola ili tone libadili mhimili wake muda wote. Nilikuwa nimesoma hilo Januari. Nililisoma nikapita, kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia kwamba kulingana ndiyo ustadi, na nilitumia jioni nzima kulinganisha mifereji ile kwa uzi na tochi.

Jambo la pili nililoliona leo: tone linakuja tayari likitaka kuwa duara. Kioo cha moto kikiachiwa hewani kinajikusanya chenyewe kama tone la maji kwenye jani la gimbi. Miezi mitatu nimekuwa nikiiomba mashine ilifinyange. Kazi yake ni kulizuia lisilale upande mmoja mpaka ligande. Rola zangu zilikuwa zikilifinya tone ambalo lingekuwa sawa lisingeguswa.

Nimefunga mnyororo pale pale uliporukia, nikauwekea alama ya rangi nyekundu.

19 Aprili

Tulichanganya chupa za kahawia na nyeupe tukitaka rangi ya asali. Chungu kilifura povu, likapanda hadi mdomoni, likamwagikia matofali. Kioo cha kahawia kimetengenezwa na salfa kwa moto unaonyimwa hewa. Ukikikutanisha na kioo cheupe, vinatoana gesi. Gololi zilizopatikana zimejaa viputo na rangi imepauka. Watoto wa mama ntilie wamezipenda kuliko zote. Mimi sizitaki kwenye hesabu.

Vioo vya dirisha navyo nimevitenga. Vikiingia chungu kimoja na chupa, michirizi inaonekana ndani, na baadhi ya gololi zinapasuka hata baada ya kupumzishwa. Sasa tunayeyusha aina moja kwa siku, na kijana ndiye bwana afya wa chupa: lebo, vifuniko na pete za bati vinatoka kabla ya nyundo. Kuponda tunaponda tukiwa tumelowesha, vumbi la kioo si la kuchezea kifua.

4 Mei

Mzunguko kamili wa kwanza bila kusimama. Kilo 8 za chupa za kijani. Mota ilianza mizunguko 34, ikamalizia 14. Umeme ulikatika mara moja dakika ya ishirini. Rola hazikujua, ziko kwenye betri, ila bloa ilinyamaza na kijana akakimbilia jenereta ya mzee. Matone kama hamsini yalitoka mazito yakiwa na mikia.

Leo asubuhi tumefungua sanduku. Nimekata bamba lenye matundu mawili, la 16.4 na la 15.6. Inayopita la kwanza na kukwama la pili ndiyo gololi. Zimetoka 1,240 jumla, zilizofaulu ni 871. Nyingine zinarudi chunguni, isipokuwa zile za povu ambazo zilishaondoka na wenyewe.

Mzee alikuja na kipande chake cha kioo cha dirisha. Akachagua moja katikati ya ndoo, sio juu, akaiachia. Ikaenda moja kwa moja hadi ukingoni, akaidaka. Akaiachia tena akiwa ameiweka upande mwingine. Mara ya tatu ilikata kushoto kidogo.

"Kushoto," akasema.

"Meza yako, mzee."

Akageuza kioo, akaanza upya.

Yaliyobaki: jani la kulia la mkasi limeanza kuacha mkia mdogo unaolala juu ya gololi kama kovu, nadhani limepoteza makali kwa joto. Kesho nalitoa. Nina kipande cha springi ya lori, nitajaribu kukata jani jipya kutoka humo na kulipitishia bomba la maji lipoe. Halafu kobalti ya kutia rangi ya buluu, nimeahidiwa robo kilo.